Remmy Ongala

Ramazani Mtoro Ongala, anayejulikana zaidi kwa jina la Remmy Ongala au Dr. Remmy (Kindu, 10 Februari 1947 – Dar es Salaam, 13 Desemba 2010), alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo mzaliwa wa Kongo ambaye aliishi na kufanya kazi nchini Tanzania tangu mwaka 1978 hadi alipofariki. Aliongoza bendi ya Orchestra Matimila, ambayo baadaye iliitwa Orchestra Super Matimila, na alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliosikika zaidi nje ya Afrika katika miaka ya 1980 na 1990.

Anakumbukwa hasa kwa mashairi yake. Wakati bendi nyingi zilitegemea nyimbo za mapenzi na za kusifu, yeye aliimba juu ya kifo, umaskini, haki ya mnyonge, utasa na ugonjwa wa UKIMWI. Aliyatunga hayo kwa Kiswahili, akiwa mgeni katika nchi ambayo redio pekee ilikuwa ya serikali. Kwa sababu hiyo maisha yake hutajwa mara nyingi panapozungumziwa nafasi ya wahamiaji katika muziki wa Tanzania, na pia mipaka ya kile ambacho mwanamuziki aliruhusiwa kusema.

## Usuli: Maniema, Ujiji na njia ya ziwa

Kindu, mji alikozaliwa Ongala, uko kando ya mto Lualaba katika eneo la Maniema, mashariki mwa nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati huo ilikuwa Kongo ya Ubelgiji. Maniema ni sehemu ya Kongo yenye uhusiano wa zamani na Tanzania. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita kati ya Nyangwe, Kasongo na bandari ya Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikaendelea Tabora hadi pwani. Watu wengi wa Maniema walifika Ujiji kwa njia hiyo, wengine kwa hiari kama wapagazi na wafanyabiashara, wengine kwa kulazimishwa. Wazao wao, wanaoitwa Wamanyema, wameenea Ujiji, Kigoma, Tabora na hata Dar es Salaam. Njia hiyohiyo ilipeleka Kiswahili na Uislamu mpaka Lualaba, na ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 aliweza kuitwa Ramazani na kukua akisema Kiswahili.

Utawala wa kikoloni uliifanya njia hiyo ya misafara kuwa ya reli na meli. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ng'ambo ya ziwa, bandari ya Albertville (leo Kalemie) iliunganishwa kwa reli na bonde la Lualaba. Kigoma ikawa mlango wa bidhaa na wa watu kwa upande wa magharibi. Katika kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji kama Rusimbi, Gungu, Kasingirima na Mwanga, familia zenye asili ya Maniema, Ubembe na sehemu nyingine za Kongo ni jambo la kawaida, na muziki wa Kikongo haukuhesabiwa kuwa muziki wa mbali. Ongala alikuwa mmoja tu kati ya wengi waliotoka upande mmoja wa ziwa na kujenga maisha upande wa pili.

## Muziki wa Kongo kabla yake

Muziki wa dansi ambao Ongala aliukuta utotoni ulikuwa bado mchanga. Kati ya miaka ya 1930 na 1940 kodiani ilikuwa moja ya ala zilizoongoza dansi katika miji ya Kongo. Mpiga kodiani mashuhuri wa kizazi hicho alikuwa Camille Feruzi, ambaye jina lake la ukoo ni neno la Kiswahili la jiwe la thamani la rangi ya samawati. Kodiani ilipendwa kwa sababu mtu mmoja aliweza kupiga sauti ya juu na ya chini kwa pamoja, na sauti yake ilisikika ukumbini bila umeme. Ala hiyo ilienea pia Afrika Mashariki. Wakikuyu wa Kenya waliitumia katika dansi ya mwomboko, na vikundi vya taarab vya Zanzibar vinaitumia hadi leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, santuri za Kikuba, gitaa la umeme na studio za Léopoldville (leo Kinshasa) zilibadili mambo. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele iliundwa mwaka 1953, na OK Jazz, iliyokuja kuongozwa na Franco, mwaka 1956. Gitaa likachukua nafasi ya kodiani, na rumba ya Kikongo ikaanza kusikika katika redio za Afrika yote. Ongala alikuwa na miaka tisa OK Jazz ilipoanzishwa, na ala aliyojifunza ilikuwa gitaa.

## Maisha ya awali

Ongala alisimulia mara nyingi habari za kuzaliwa kwake. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, mama yake alikuwa amefiwa na watoto wawili kabla yake. Alipopata mimba tena, mganga alimshauri asijifungulie hospitali bali porini, na mtoto asinyolewe nywele. Mtoto alizaliwa akiwa tayari na meno mawili ya mbele, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya mtu atakayekuwa mganga. Jina la "Dokta" ambalo mashabiki walimwita baadaye lilihusishwa na habari hiyo, na hata nywele zake ndefu za kusokota, ambazo wengi Dar es Salaam walidhani ni za Kirasta tu, zilikuwa na chimbuko hilo la nyumbani.

Baba yake alikuwa mwimbaji na mchezaji wa ngoma za asili. Alifariki mwaka 1953, mtoto akiwa na miaka sita, na kwa kukosa ada Ongala hakuendelea sana na shule. Mama yake alifariki mwaka 1964. Mwaka huo Kongo ya mashariki ilikuwa katika vita: waasi wa Simba waliuteka mji wa Kindu katikati ya mwaka, na jeshi la serikali likaurudisha mikononi mwake mwezi Novemba. Akiwa kijana wa miaka 17, bila wazazi, Ongala aliufanya muziki kuwa kazi ya kumpatia riziki.

Alijifunza gitaa mwenyewe, bila mwalimu. Bendi yake ya kwanza iliitwa Bantu Success, ambako alipiga ngoma na kuimba. Kisha alijiunga na Grand Mickey Jazz, na kwa miaka kadhaa akazunguka nayo sehemu mbalimbali za Kongo na Uganda. Hayo yalikuwa maisha ya kawaida ya wanamuziki wa Kongo ya mashariki: soko la Kinshasa lilikuwa mbali na lilitawaliwa na bendi kubwa za Kilingala, lakini Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zilifikika, na huko watu walielewa Kiswahili.

## Kuhamia Dar es Salaam

Mwaka 1978 Ongala aliitwa Dar es Salaam na mjomba wake, mwanamuziki Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake mjini humo, Orchestra Makassy. Hakuwa Mkongo wa kwanza kufika. Wanamuziki wa bendi iliyokuja kujulikana kama Orchestra Maquis du Zaïre walikuwa wameshajipatia mashabiki wengi, na wapiga gitaa na waimbaji kama Ndala Kasheba na Kikumbi Mwanza Mpango, aliyejulikana kwa jina la King Kiki, walikuwa wakifanya kazi nchini. Wakongo hao walileta mpangilio wa magitaa ya Kinshasa na Lubumbashi. Kwa upande wao walijifunza kwamba msikilizaji wa Tanzania husikiliza maneno, na kwamba wimbo usio na kisa haukai. Wengi wao waliacha Kilingala polepole na kutunga kwa Kiswahili.

Akiwa na Orchestra Makassy, Ongala alitunga "Siku ya Kufa", wimbo wa kumlilia rafiki aliyefariki. Ni moja ya tungo zake za mwanzo zilizojulikana, na ulionyesha mapema mada ambayo hakuiacha tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy aliihamishia bendi yake Nairobi, nchini Kenya, na mwaka 1981 Ongala akajiunga na Orchestra Matimila ya Dar es Salaam.

## Orchestra Matimila na kazi ya bendi

Bendi za Tanzania za wakati huo zilikuwa za aina mbili. Za kwanza zilimilikiwa na mashirika ya umma, jumuiya au vyombo vya dola: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Za pili zilikuwa za wafanyabiashara binafsi walionunua vyombo. Matimila, iliyopewa jina la kijiji, ilikuwa ya aina hii ya pili. Katika mfumo huo mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki angeweza kuwa maarufu nchi nzima na bado akawa hana gitaa lake mwenyewe, na mwenye mali akichukua vyombo vyake, bendi ilikuwa imekufa.

Kurekodi kulikuwa na ugumu wake pia. Studio iliyotegemewa ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Bendi ilipeleka mashairi yakakaguliwa, kisha ikarekodi, na nyimbo zikachezwa redioni. Malipo yalikuwa madogo, na kanda zilizonakiliwa vibandani hazikumlipa mtunzi chochote. Kwa hiyo redio ilikuwa tangazo tu, na fedha zilitoka mlangoni, kwa viingilio vya kumbi na baa ambako bendi zilipiga usiku kadhaa kila wiki hadi alfajiri.

Ushindani ulikuwa mkubwa, na kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake. NUTA na warithi wake walikuwa na Msondo, Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Ongala aliuita muziki wake ubongo, kwa maana ya muziki wa kichwa, wa kufikiri. Jina hilo lilifanana pia na "Bongo", jina la utani la Dar es Salaam, mji ambao mtu huishi kwa kutumia akili.

Nyimbo za Matimila zilifuata umbo la rumba ya Kikongo. Wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akieleza kisa ubeti baada ya ubeti, magitaa yakijibizana chini yake. Kisha mwendo uliongezeka, saksafoni na ngoma zikaingia kwa nguvu, na watu wakainuka kucheza. Tofauti ya Ongala ilikuwa urefu wa ile sehemu ya kwanza na namna alivyoitumia. Aliimba na kuzungumza, akauliza maswali, akasihi, akacheka, kama mtu anayetoa mawaidha mbele ya hadhira yake. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na Kiswahili chake hakikupoteza lafudhi ya Kongo. Hata katika maandishi alama hiyo ilibaki: wimbo wake mmoja katika albamu ya mwaka 1992 uliandikwa "Inchi Yetu", kama neno hilo linavyotamkwa na Waswahili wa Kongo.

## Mada za nyimbo zake

### Kifo

Kifo kilikuwa mada yake kuu. Mbali na "Siku ya Kufa", alitunga "Kifo", wimbo uliopigwa sana misibani na redioni. Katika muziki wa dansi wimbo wa msiba mara nyingi huwa wa kumtaja marehemu fulani, mara nyingi mwanamuziki mwenzao. Ongala alikwenda mbali zaidi na kukizungumzia kifo chenyewe kama hakimu asiyebagua tajiri na maskini. Kwa mtu aliyezikwa wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 18, mada hiyo haikuwa ya kubuni.

### Mnyonge

Kundi la pili la tungo zake ni lile la watu wa chini: "Mnyonge Hana Haki", "Sauti ya Mnyonge", na hata jina la albamu yake ya mwaka 1989, ambalo maana yake ni nyimbo za mtu maskini. Nyimbo hizo zilitoka wakati mgumu. Vita vya Kagera dhidi ya utawala wa Idi Amin vya 1978–1979 vilikuwa vimemaliza hazina ya taifa, na miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni, sukari ya mgao na maduka matupu. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na bidhaa zikarudi madukani kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu. Siasa rasmi bado ilizungumzia usawa wa binadamu. Ongala hakuipinga siasa hiyo. Aliichukua kwa maneno yake yenyewe na kuuliza mnyonge anapata nini. Ilikuwa vigumu kumkemea mtu aliyedai kile ambacho nchi ilijitangazia kuwa ni msingi wake.

### Nyumba na ndoa

"Nalilia Mwana" ni kilio cha mtu asiyepata mtoto, jambo ambalo katika jamii nyingi za Tanzania humwangukia mwanamke kama aibu. "Ndumila Kuwili" inaonya juu ya mtu wa maneno mawili, kama jina lake la Kiswahili linavyoeleza. "Kipenda Roho" inatetea mapenzi yasiyojali rangi wala maneno ya watu. Mke wa Ongala alikuwa Mwingereza, na wasikilizaji walijua kwamba mtunzi alizungumza juu ya nyumba yake.

### Asili ya muziki

Katika "Muziki Asili Yake Wapi" aliuliza swali ambalo mhamiaji hulijua vizuri: kitu kilichopita nchi nyingi ni cha nani? Rumba ilitokana na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, hasa eneo la Kongo, ikakua Kuba, ikarudi Afrika kwa santuri, na kutoka Kongo ikavuka ziwa.

## Mambo kwa Soksi

Wimbo wake uliozua mjadala mkubwa kuliko yote ni "Mambo kwa Soksi", uliotoka karibu na mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwisho wa muongo huo ugonjwa ulikuwa umeenea nchi nzima. Hata hivyo mazungumzo ya hadharani juu ya kondomu yalikuwa mwiko. Viongozi wengi wa dini waliyaona kuwa ni kuhalalisha uzinzi, na wazazi waliona haya kuyataja mbele ya watoto.

Ongala alitumia neno "soksi" kumaanisha kondomu, akawaambia watu wazi kwamba asiyevaa anahatarisha maisha yake. Neno lenyewe lilikuwa la mtaani, la mzaha, na ndiyo sababu lilifika. Mtu asiyeweza kutamka "kondomu" mbele ya wakubwa aliweza kusema "soksi" na akaeleweka.

Redio ya serikali haikuupiga wimbo huo. Lakini kanda zake ziliuzwa na kunakiliwa, zikapigwa kwenye mabasi, baa na vibanda vya kanda, na watu wakaujua bila msaada wa redio. Tukio hilo lilionyesha kwamba ukaguzi wa studio moja ulikuwa umepoteza nguvu yake ya zamani. Redio binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1990. Katika miaka iliyofuata serikali yenyewe ilitangaza matumizi ya kondomu kwa mabango na redioni, ikisema kwa lugha rasmi kile ambacho wimbo ulikuwa umekisema kwa lugha ya mtaa.

## WOMAD na umaarufu wa nje

Nje ya Afrika Mashariki, Ongala alifahamika kupitia WOMAD, tamasha la muziki wa dunia lililoanzishwa nchini Uingereza na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Kanda ya nyimbo zake iliwafikia waandaaji, na mwaka 1988 walitoa albamu "Nalilia Mwana", mkusanyiko wa nyimbo zilizokuwa zimerekodiwa Tanzania. Mwaka huohuo bendi ilialikwa kupiga Ulaya katika ziara ya WOMAD.

Baadaye alirekodi albamu mbili kwa lebo ya Gabriel, Real World: "Songs for the Poor Man" (1989) na "Mambo" (1992). Ilikuwa mara ya kwanza kwa Matimila kufanya kazi katika studio yenye mitambo ya kisasa. Katika "Mambo" aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama vile "One World", "No Money, No Life" na "I Want to Go Home", ili wasikilizaji wapya wapate maana. Wengi wa mashabiki wake wa nyumbani walizijua zaidi nyimbo zake za Kiswahili zilizorekodiwa RTD, ambazo zilikuwa ndefu na zenye masimulizi zaidi.

Ziara hizo zilimpa kitu ambacho wanamuziki wachache wa Dar es Salaam walikuwa nacho: vyombo vyake mwenyewe. Kwa kuwa na magitaa, vipaza sauti na ngoma zake, Orchestra Super Matimila haikumtegemea tena mfadhili, na kiongozi wake aliweza kuamua apige wapi na aimbe nini. Uhuru wa maneno yake ulikuwa kwa sehemu kubwa uhuru wa kumiliki vyombo.

## Siasa

Ongala hakuwa mwanasiasa, lakini nyimbo zake zilisikilizwa kisiasa. Katika albamu ya mwaka 1992 mna wimbo uitwao "Mrema", unaomtaja Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu mwaka 1990 na ambaye alipendwa na watu wa kawaida kwa kuwabana wala rushwa na watendaji wazembe. Mwaka huo wa 1992 Tanzania ilirudisha mfumo wa vyama vingi. Mrema baadaye alihama CCM na kugombea urais mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashika nafasi ya pili nyuma ya Benjamin Mkapa.

Kwa mtu mwenye asili ya nje, kutaja mambo ya nchi kulikuwa na hatari yake. Wanamuziki wengi wa Kikongo walijilinda kwa kuimba mapenzi na kuziacha hoja za nchi kwa wenyeji. Ongala hakuchagua njia hiyo. Aliimba "nchi yetu", si "nchi yenu", na wasikilizaji waliikubali kauli hiyo.

## Maisha ya familia

Ongala aliishi Sinza, Dar es Salaam. Nyumba yake ilijulikana kiasi kwamba kituo cha daladala cha karibu kiliitwa "kwa Remmy", jina ambalo limebaki baada ya kifo chake. Miongoni mwa watoto wake, Aziza Ongala alifuata njia ya muziki akawa mwimbaji. Kally Ongala alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu, aliyecheza Tanzania na Sweden, na baadaye akawa kocha.

## Injili, ugonjwa na kifo

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 muziki wa dansi ulipungukiwa na wasikilizaji vijana. Redio mpya zilipiga muziki wa kizazi kipya, yaani Bongo Flava, uliotengenezwa kwa kompyuta bila gharama ya bendi ya watu kumi na zaidi. Bendi nyingi za zamani zilivunjika.

Mwaka 2001 Ongala alipatwa na kiharusi, naye aliugua pia kisukari kwa muda mrefu. Hakuweza tena kupiga gitaa wala kusimama jukwaani kama zamani. Katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akaacha muziki wa dansi na kuimba nyimbo za Injili. Baadhi ya mashabiki walishangaa, lakini mada zake hazikubadilika sana: kifo, usawa wa watu mbele ya Mungu na kuwahurumia wanyonge zilikuwa ndani ya tungo zake tangu "Siku ya Kufa".

Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63, na akazikwa Dar es Salaam.

## Urithi

Athari ya Ongala inaonekana katika mambo matatu. La kwanza ni mashairi. Alithibitisha kwamba wimbo wa dansi unaweza kubeba hoja nzito na bado ukajaza ukumbi. Wasanii wa Bongo Flava walioimba juu ya maisha magumu ya mtaani walikuta masikio ya wasikilizaji yameshazoezwa na watu kama yeye.

La pili ni afya ya jamii. "Mambo kwa Soksi" hutajwa kama mfano wa mapema wa msanii wa Afrika Mashariki aliyetumia umaarufu wake kuzungumzia kinga ya UKIMWI wakati kufanya hivyo kulimgharimu nafasi redioni.

La tatu ni suala la uhamiaji. Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania haiwezi kuandikwa bila Wakongo, na katika kundi hilo Ongala ndiye aliyekwenda mbali zaidi katika kuifanya nchi aliyohamia kuwa mada ya kazi yake. Alikuja na magitaa ya Kongo na Kiswahili cha Maniema, lugha ambayo yenyewe ilikuwa imesafiri kutoka pwani kupitia Ujiji zaidi ya miaka mia moja kabla, akaitumia kuwasemea watu wa Dar es Salaam.

## Albamu zilizotolewa kimataifa

- Nalilia Mwana (WOMAD, 1988)
- Songs for the Poor Man (Real World, 1989)
- Mambo (Real World, 1992)

## Tazama pia

- Muziki wa dansi
- Orchestra Makassy
- Orchestra Maquis du Zaïre
- Wamanyema
- Ujiji